Ngamia wa Bonané

Mume wangu Anselmi alikufa akiwa na wasiwasi mmoja tu, na haukuwa wasiwasi wa kifo. Alikuwa amelala kwenye kitanda chetu cha chuma, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, na mimi nimeketi kando yake na bakuli la uji ambao alikuwa ameukataa tangu asubuhi. Akafungua macho akaniuliza: "Vero, kule juu, nikikutana na mama yako, minyi nitafanya namna gani? Nafasi ya kukimbilia iko?" Nilicheka mpaka uji ukanimwagikia kwenye kitenge. Yeye hakucheka. Mtu aliyechochea moto wa treni maisha yake yote, aliyeshuka kwenye garimoshi lililopinduka akiwa na kofia yake kichwani, alikuwa anaogopa kukutana ghafla na mama mkwe pale mlangoni kwa Mtakatifu Petro. Nikamwambia nitamjibu, aniache kwanza nifikirie. Na nilipokaa kufikiria, mvua ikipiga bati juu yetu, akili yangu haikwenda mbinguni hata kidogo. Ilirudi kwenye mwaka ule niliokuwa msichana wa miaka kumi na saba, kwenye siku moja ya Bonané, kama tunavyouita Mwaka Mpya hapa Kamina mpaka leo.

Kwanza nieleze jambo hili la mkwe, maana wajukuu wangu waliosomea Lubumbashi hulicheka. Kwetu, mama hakutani uso kwa uso na mwanamume aliyemwoa binti yake. Wakikaribiana njiani, mmoja huacha njia. Mama anajifunika uso kwa kitambaa, anageuka, anaingia hata kwenye majani. Hawali pamoja, na wakiwa na neno la kuambiana hulisema wakiwa pande mbili za ukuta, au humtuma mtu. Mgeni akiona hudhani ni chuki. Si chuki, ni heshima, na sisi hatuna heshima iliyo kubwa kuliko hiyo. Jirani yetu Mama Getu, mwanamke mnene mwenye sauti ya filimbi ya treni, alikuwa na mkwe aliyependa kuja kutengeneza baiskeli yake uani kwake. Basi Mama Getu alikuwa akishinda jikoni na moshi, akikohoa, akilaani baiskeli hiyo kwa sauti ya chini, lakini hatoki. Tulimcheka, na papo hapo kila mama mwenye binti aliyekua alimwonea wivu, kwa kuwa kujificha kule kulikuwa kunatangaza mtaa mzima kwamba nyumba yake imepata mkwe wa kweli.

Sasa mfikirieni Anselmi. Mwaka ule mzima alikuwa anakuja kwetu kila treni yake ilipolala Kamina, amenawa vumbi la makaa ya mawe mpaka kwenye viwiko, shati limepigwa pasi, ameleta mara sabuni, mara samaki wakavu wa ziwa Kisale aliowanunua Bukama. Na kila alipofika, mama yangu alikuwa anatoka nje kumpokea. Alimwekea kiti, naye akaketi kwenye kiti kingine mbele yake, magoti yakielekeana, akamkazia macho. "Jambo, mutoto ya bantu," alimwambia. "Safari ilikuwa namna gani?" Alimpakulia bukari, yaani ugali, kwa mkono wake mwenyewe. Mtu wa mbali angesema, mama huyu ni mkarimu ajabu. Anselmi alikuwa mzaliwa wa Sakania, na kwao wanamkimbia mkwe vilevile kama sisi, kwa hiyo hakuhitaji mkalimani. Kila tonge alilokula mbele ya macho yale lilikuwa linamwambia: wewe si mkwe wangu, wala hutakuwa. Alimaliza, akashukuru, akaondoka ameinamisha kichwa, na treni iliyofuata akarudi.

Kosa lake lilikuwa ngamia. Mama alikuwa mmoja wa wanawake waliofinyanga sanamu za udongo za zizi la Betlehemu kule misheni kila Noeli, na yeye ndiye aliyepewa ngamia wa wale wafalme watatu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumwona ngamia. Walimfinyanga kwa kusikia tu, na aliyetoka mikononi mwa mama alikuwa kama mbuzi mwenye mimba aliyebeba mzigo mgongoni. Mmoja wa majaribio yake alikuwa amewekwa kwenye dirisha la chumba chetu cha mbele, kati ya taa ya chemli na picha ya Bikira Maria. Siku moja Anselmi, akitaka tu kunogesha mazungumzo, akamwangalia yule mnyama akasema: "Mama, ngamia haiko hivi. Minyi nilimuonaka kule Élisabethville, bazungu balimuleta. Iko murefu kupita huu mulango. Ku mugongo iko na kilima moya. Na iko naweza kukaa siku mingi bila kunywa mayi." Kijiko kikasimama mkononi mwa mama. Baba, ambaye alifunga mabehewa kwenye reli na hakuwa mtu wa maneno mengi, alijaribu kukohoa ili kijana anyamaze, lakini Anselmi alikuwa ameshika kasi ya mteremko. Akaongeza kwamba mahali pale pale, yaani Lubumbashi ya leo, aliona mnyama wa kimo cha ntambo, yaani simba, mwenye milia mwili mzima kama punda milia, na rangi ya moto.

Jioni ile nilikuwa naosha vyombo chini ya dirisha, nikawasikia. "Ule muntu iko na bongo," mama alisema, na kwetu bongo ni uongo. Baba akasema kijana anafanya kazi vizuri, halewi. Mama akamjibu maneno ambayo mpaka leo sijapata mwenye kuyapinga. "Muntu ya mashini analala ku gare zote. Leo iko Bukama, kesho iko Kasai. Bibi yake atamufuata kule? Hapana. Bibi ya muntu ya reli hana kintu ya kushika, iko na neno ya bwana yake tu. Kama neno njo bongo, mutoto yangu atashika nini?" Nami nilibaki na sufuria mikononi, maji yameshapoa, nikijua kwamba mama hana ubaya na mtu na kwamba hatabadilika. Nilimpenda Anselmi. Sikuweza kumtetea, kwa sababu hata mimi, niseme nini, mnyama asiyekunywa maji nilishindwa kumwamini.

Huo ndio uliokuwa mwaka wangu. Watu wengine wa rika langu wakikumbuka wakati ule husema juu ya ile Base, uwanja wa ndege za jeshi uliokuwa unajengwa, jinsi malori yalivyopita usiku na mchana na mchanga na saruji, jinsi ndege ya kwanza ilivyotukimbiza shambani. Mimi nakumbuka kiti kile kilichowekwa mbele ya kiti. Nakumbuka pia gauni. Baba alikuwa ameninunulia kitambaa cha buluu chenye maua meupe kwa ajili ya dansi ya Bonané, ambayo wafanyakazi wa reli waliicheza kila mwaka alasiri katika ukumbi wa cité, yaani mtaa wetu wa Waafrika, na mama alinishonea mwenyewe, kiuno kimekaa sawasawa. Akiwa na pini mdomoni alinikumbusha sheria ya nyumba: msichana wake hatachezeshwa malinga, kifua kwa kifua, na mtu asiye na jina nyumbani mwake. Nikivaa gauni nitakwenda kutazama. Kucheza, nitacheza na mkwe wake, siku atakapompata.

Bonané yenyewe ilikuja na mvua ambayo sijaona mfano wake. Misa tuliisikia nusu tu, kwani bati la kanisa lilimshinda padri sauti. Tuliporudi nyumbani kuku alikuwa tayari kwenye sufuria, na mama alikuwa ndiyo kwanza anasonga bukari, Mama Getu akaingia bila kubisha hodi, amelowa, mkono kifuani. Tuta la reli upande wa Kasai lilikuwa limekatwa na maji. Treni iliyotoka kusini ilikuwa imezuiwa hapo gare, yaani stesheni, na ndani yake, alisema, kulikuwa na wanyama wa wazungu, wa kuchezeshwa sarakasi, wanaokwenda kupanda meli. Mabehewa yamefunguliwa turubai ili wapate hewa. "Wanyama gani?" baba akauliza. Mama Getu akafungua mdomo, akaufunga, akapiga makofi mara moja kama mtu aliyeshindwa. "Kujeni muone," alisema. Mama alifunika bukari kwa sahani. Akatoa moto kwenye jiko, akavaa kitambaa chake kizuri cha kichwani. "Twende," akasema. "Leo nitaangalia bongo mu macho."

Kwenye gare watu walikuwa wamejaa kando ya ghala la mizigo. Mbele kulikuwa na kamba, na mbele ya kamba wazungu na miavuli yao, na sisi nyuma tukiona miavuli. Kisha mvua ikaongeza nguvu kana kwamba ilikuwa inacheza tu mwanzoni, ikaja na upepo wa ubavuni, na wazungu wakainua sketi na suruali zao wakakimbilia magari. Walibaki watunzaji wawili wa wanyama waliovaa makoti ya mpira, ambao hawakujali kamba ya mtu. Tukasogea. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: mvua ile ile iliyokata reli ndiyo iliyotupa nafasi ya mbele.

Wa kwanza alikuwa tembo. Tembo sisi tunamjua, na wazee waliotoka upande wa Kabondo-Dianda walikuwa wamemwinda na kumla, lakini walipomtazama huyu walianza kusononeka. Masikio yake yalikuwa madogo, kama ya mnyama mwingine kabisa. "Bamemukata masikio!" mzee mmoja alisema, machozi yakimlengalenga. "Alifanya mubaya gani?" Mzee mwingine akachunguza kando ya sikio kwa mbali, akitafuta kovu, hakuliona, akasema bazungu wana dawa ya kuponya kovu. Hakuna aliyekuwepo wa kutuambia kwamba kuna nchi nyingine yenye tembo, na tembo wa huko wamezaliwa hivyo. Wazee wale walimpa pole kwa Kiluba, mmoja mmoja, na tembo aliinua mkonga wake kwenye mvua akawaelekezea, nao wakavua kofia.

Behewa la pili lilikuwa na vyuma vinene. Nilisikia kabla ya kuona: si ngurumo, bali pumzi, kubwa, kama iliyotoka kifuani kwa mtu mwenye subira. Kisha akasimama. Jamani, mimi nimezaa watoto, nimezika, nimeona bendera zikishushwa na kupandishwa katika nchi hii, lakini kitu kilichonikata kauli kama yule chui milia sijakiona tena. Alikuwa mrefu kuliko meza yetu, rangi ya makaa yanapoiva, na milia myeusi iliyoshuka ubavuni bila kufanana upande na upande. Alitembea hatua chache, akageuka, na misuli ikatembea chini ya ngozi baada yake. Alinitazama. Macho yake hayakuwa na hasira wala njaa. Yalinipita kama dirisha la treni linavyompita mtu aliyesimama shambani. Akainama akanywa maji ya mvua yaliyokusanyika kwenye sakafu, taratibu, ulimi mwekundu, na umati ule wote wa watu wa reli, watu wa kelele, ukawa kimya mpaka tukasikia sauti ya kunywa kwake. Mkono wangu ulikuwa umeshikwa. Niliangalia, ni mama, ameushika kwa vidole vyote, na midomo yake inasema Salamu Maria.

Alipomaliza kusali akasema peke yake: "Milia iko." Tukaendelea.

Ngamia walikuwa wameshushwa chini, wamefungwa kwenye nguzo ya ghala. Walikuwa wanatafuna, vichwa vyao juu ya vichwa vyetu, wakitudharau kwa utulivu kama wafalme wenyewe. Na aliyekuwa anamwaga maji kwenye pipa lao alikuwa Anselmi, aliyekuwa zamu siku hiyo, kofia imelowa, uso una masizi. Mama Getu alipomwona akapiga kelele iliyofika mpaka mnara wa maji: "Anselmi! Mama Vero, angalia, Anselmi alisema kweli!" Watu wa mtaa wetu wote walijua kisa, wakaanza kucheka na kumpiga Anselmi mgongoni. Mama aliinua mkono. "Tikeni," alisema, yaani acheni. "Tikeni kwanza." Alikuwa anahesabu kwa macho. Akasogea mpaka mbele ya Anselmi, akamkazia yale macho ya mwaka mzima. "Weye ulisema ku mugongo iko na kilima ngapi?"

Nikaangalia mgongo wa ngamia. Vilikuwa viwili. Vikubwa, vyenye manyoya, kimoja mbele kimoja nyuma, mvua inatiririka bondeni katikati yake. Nyuma ya mama, Mama Getu alikuwa ameinua vidole viwili, anavitikisa juu ya kitambaa chake cha kichwa ili Anselmi avione, na watu walikuwa wananong'ona, "Sema mbili, kijana, sema mbili." Nani angekumbuka? Lilikuwa neno la mezani la miezi iliyopita. Nilimwona Anselmi akiviona vile vidole. Alimwangalia ngamia, kwa muda, na uso wake ulijaa mshangao kama wetu sote.

"Nilisema moya, Mama," akajibu. "Ile nilionaka ilikuwa na moya. Hii ya mbili sikuyionaka hata siku moya. Hata minyi inanishangaza."

Watu waliguna. Mtu mmoja alisema kwa Kiluba kwamba kijana amejichinja mwenyewe. Mama alibaki pale pale, mvua inamtiririkia usoni, akamtazama Anselmi muda mrefu kuliko ilivyokuwa desturi yake, na mimi nilijiambia, basi, yameisha. Ngamia ndiye aliyekatiza. Alishusha shingo yake ndefu polepole, akaleta pua yake mpaka kwenye kitambaa cha mama, akamnusa. Watu walirudi nyuma. Mama hakurudi. Aliinua mkono uliofinyanga ngamia wengi wa uongo, akamgusa kati ya macho, akayaangalia yale macho makubwa yenye kope ndefu, kisha mgongo, kisha macho tena. "Ah," akasema, "wafalme banakaa pale katikati. Njo juu ya ile hawakuanguka," yaani ndiyo maana hawakuanguka. Akalia. Mama yangu, ambaye hakulia hata kwenye misiba ya karibu, alilia mbele ya gare nzima kwa sababu Injili ilikuwa na pua yenye joto.

Tulikula kuku akiwa baridi, na bukari limeota ngozi. Katikati ya chakula mama alisema tu, "Iko na kope kama musichana," na baba akasema ndiyo, na tukaendelea kula. Alipomaliza alikwenda dirishani, akamchukua yule ngamia wake wa udongo, akamgeuza huku na huku, akacheka mpaka akashika meza. Nilidhani atamtupa. Akamrudisha mahali pake, kati ya taa na Bikira. Kisha akaniambia nivae gauni, niende na Mama Getu ukumbini. "Kuangalia," akasema. Sikuwa na haja ya kukumbushwa.

Ukumbi ulikuwa unavuja. Walikuwa wametandaza mabeseni sakafuni, na wachezaji waliyazunguka bila kuangalia, wamezoea, kodiani na gitaa vikiwa juu ya jukwaa la mbao za mabehewa ya zamani. Kulikuwa na harufu ya poda, nguo mbichi na bia ya mahindi. Nilikaa kwenye benchi la wasichana. Anselmi alikuja akiwa amenawa, shati lake limepigwa pasi, akasimama kwenye ukuta wa mbele yangu. Hakunikaribia, alijua sheria ya nyumba yetu kama mimi. Tulitazamana juu ya vichwa vya watu waliokuwa wanacheza. Wimbo ulikwisha, ukaanza mwingine. Kila mtu alikuwa anasimulia chui milia na mkono hewani. Furaha ilikuwa imejaa mle ndani mpaka darini, na sisi wawili tulikuwa kama watu waliofika kwenye sherehe bila mdomo.

Bado kulikuwa na mwanga nje niliposikia kodiani linapunguza sauti, nikageuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli wa baba. Nikafikiri amekuja kunichukua. Anselmi naye alimwona, na alifanya alichokuwa amefanya mwaka mzima: alitoka ukutani, akasimama wima, mikono kando, akainua uso ili aangaliwe.

Mama hakumwangalia. Alishika pembe ya kitambaa chake, akakivuta mpaka kikamfunika uso wote, akageuka. Palikuwa na ngazi kavu upande wa kulia, lakini kwa njia hiyo angempita Anselmi karibu. Mama yangu alishuka upande wa kushoto, ambako maji ya mvua yalikuwa mto mwekundu, akaingia ndani yake mpaka vifundoni na viatu vyake vya misa, akazunguka nyuma ya ukumbi akiwa amejifunika, anajigonga na nguzo kwa kuwa haoni. Mwanamke mmoja aliyekuwa mlangoni akaelewa. Akapiga kigelegele. Mama Getu akadaka, na vigelegele vikaenda ukumbi mzima mpaka watu waliokuwa wanacheza wakasimama kuuliza kuna nini. Kutoka dirisha la nyuma, mahali ambapo hakuna aliyeweza kuona uso wake, ilikuja sauti ya mama: "Veronika! Mwambie ule muntu asikukanyage gauni!"

Anselmi aliketi kwenye benchi la wasichana, akafunika uso kwa mikono, kisha akainuka, akaja. Mkono wake ulikuwa na harufu ya ngamia. Tulicheza kati ya mabeseni, vibaya, kwani hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi, na alinikanyaga gauni.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na katika miaka hiyo yote Anselmi hakuuona uso wake tena. Waliongea kupitia ukuta wa jikoni, na walipenda kuongea. Mama aliniachia mimi kazi ya kuwapikia wote wawili huku wakicheka juu ya kichwa changu. Sikumsikia hata siku moja akimwuliza mume wangu alilala wapi, Bukama au Kasai. Nilimwuliza mara moja kwa nini alibadilika siku ile, wakati vilima vilikuwa viwili na si kimoja. Alinishangaa kama mtoto mzito. "Muntu ya bongo angesema mbili," akajibu.

Basi jioni ile, mvua bado ikipiga bati, nilirudi na uji wa moto nikaketi kando ya mume wangu. Nilimwambia jibu nimelipata. Asitafute pa kukimbilia. Asimame tu wima, mikono kando, kama alivyosimama ukumbini.

"Yeye njo atageuka," nikasema.

Anselmi alifikiri. Kisha akaniomba nimwinulie kichwa, akanywa uji.